Kanda za babangu zimetoka kwa kasha: niziskize hivi hivi au nizidabu (nizinakili) kwanza?

MwanaMkomani (Lamu)

Assalam alaykum wanabaraza. Nieleze kidogo kwanza halafu niulize, mtaniwia radhi ikiwa ndefu.

Mwezi uliopita tulikuwa twatengeneza chumba cha ndani hapa nyumbani Mkomani, chokaa ya ukuta ilikuwa yameguka, ikabidi tutoe vitu vyote vilivyo kwa zidaka (vishubaka vya ukutani) na tusogeze kasha la marehemu babangu ambalo tangu afe 2009 hakuna aliyelifungua mpaka chini. Juu mlikuwa na kofia zake na makaratasi ya shamba, chini kabisa, ndani ya shuka iliyofungwa fundo, mna kanda 31 za kaseti. Nyingi ni C90 (za dakika 90), chache C60, na karibu zote ameziandika mwenyewe ubavuni kwa khati ya Kiarabu. Waimbaji wetu wa taarab, Zein, Bhalo, Maulidi, Malika, halafu kuna zile zimeandikwa tu "harusi ya Langoni", "harusi ya Shela" na mwaka. Hizo alirekodi yeye, alikuwa akienda na redio yake akikaa karibu na mpiga udi.

Jirani yangu ana redio kaseti ingali yafanya kazi. Nkatwaa moja ya Zein iliyoonekana safi nkaitia. Sasa mimi Zein namskiza miaka yote kwa simu, lakini ni nyimbo tatu nne zile zile ambazo kila mtu azijua, ukichoka waguza waruka. Kanda hairuki. Nlikaa barazani nkaskiza upande A wote dakika 45, na ulipoanza wimbo wa nne, udi peke yake, wimbo ambao ningeulizwa ningekula kiapo siujui, mimi nkawa nalitaja neno kabla halijaimbwa. Nlikuwa nauskia nikiwa na miaka saba minane nikitoka chuo cha Kurani mchana, mzee akiwa amejinyosha ndani ya daka la mlangoni. Miaka thelathini sijaukumbuka na wote ulikuwa umo ndani yangu.

Tangu siku hiyo sitaki tena nyimbo moja moja. Nataka kanda nzima, kwa mpango wake. Hata nikiskia wimbo huo huo YouTube, ukiisha mimi nangoja ule unaofuata kwa kanda ya babangu, na hauji.

Maswali yangu: kwanza, kanda nyingine zina kitu cheupe kama unga pembeni, naweza kuzitia redioni? Pili, nyinyi mnaorudia kanda na CD za zamani mwaziskizaje, mwapata nini ndani yake ambacho zamani hamkukipata? Wadogo zangu wanambia yote yako kwa intaneti nisijisumbue. Na tatu, kitu kimoja kimenishangaza, zile za harusi, kila upande waisha wimbo ukiwa umekamilika. Hakuna hata mmoja uliokatika katikati. Yawezekanaje?

---

Fundi_Barani (Malindi)

Wa alaykum salam ndugu yangu, Mungu amrehemu mzee. Wacha kuzitia hivyo hivyo!! Nakuomba. Huo unga mweupe ni kuvu, unyevu wetu huu wa baharini ndio kazi yake, na ukiitia kanda ya kuvu kwa redio wachafua hedi, kile kipande kinachosoma utepe, halafu kila kanda safi utakayoitia baadaye inaambukizwa. Zitenge sasa hivi, zile nyeupe mbali, zilizo safi mbali.

Zilizo safi fanya hivi. Usianze kwa kuicheza, izungushe mbele mpaka mwisho halafu irudishe mpaka mwanzo, polepole, manake imekaa miaka imeshikana na inaweza kujivuta. Angalia kile kisponji kidogo kilichoko katikati juu ya kibati, chenye kusukuma utepe ukaguse hedi, kile gundi yake hukauka na kikaanguka, na kikianguka sauti inakuwa kama mtu yuko chini ya mto. Ukifungua skurubu za kanda (zenye skurubu, zilizogandishwa ni kazi nyingine) waweza kuhamisha utepe wote ukautia ndani ya gamba la kanda nyingine nzima. Nimefanya hivyo mara nyingi, yataka mkono mtulivu na meza isiyo na upepo wa feni. Na vile vijino viwili vya mgongoni pa kanda, kama havijavunjwa vunja leo, usije ukabonyeza rekodi kwa bahati mbaya ukafuta.

Redio ya jirani isafishe hedi na kile kigurudumu cha mpira kwa pamba na spiriti kila baada ya kanda mbili tatu. Halafu toa waya kutoka tundu la hedfoni uingie kwa laptopu, programu ya Audacity ni ya bure, rekodi kwa WAV usirekodi kwa MP3. WAV ya stirio ni kama MB 10 kwa dakika, kwa hivyo C90 moja ni kama MB 900, kanda zako 31 hazifiki GB 30. Flashi ya 64 yakutosha, nunua mbili na moja umpe ndugu yako aweke kwake. Kutoa ule mvumo fanya kwa kopi, ile ya kwanza usiiguze.

C120 kama iko yoyote shika kama yai, utepe wake ni mwembamba kuliko zote, huliwa na redio mara moja.

Jambo la mwisho, hizo za harusi alirekodi kwa betri bila shaka. Betri ikianza kufa mota inakwenda polepole, sasa ukija kuicheza kwa stima nzuri sauti inakuwa ya kasi na nyembamba, na huzidi kadiri kanda inavyokwenda mwisho. Usidhani kanda imeharibika. Kwa Audacity kuna mahali pa kubadilisha spidi, utairudisha.

---

Binti_wa_Shela_MLD

Mimi si wa Lamu ni wa Shela yetu ya huku Malindi, na hili swali la pili limenigusa roho.

Mamangu ni mpenzi wa nyimbo za Juma Bhalo. Sisi Malindi twamhesabu ni wetu, na alipofariki 2014 nyumba yetu ilikuwa kama imefiwa kweli. Nikiwa mdogo kanda zake zikipigwa kila Alhamisi jioni mama akipiga pasi, na mimi nlizipenda kwa sababu ya sauti tu, manake zile tuni alikuwa akizitoa kwa sinema za Kihindi, na sisi sinema tukizijua, basi tukiimba Kihindi juu yake. Maneno yake sikuyaskiza hata siku moja. Nlijua ni mapenzi, ashki, basi.

Sasa mwaka jana nlipata kanda mbili za mama nkazirudia zote kwa mpango kuanzia mwanzo, nikiwa nimeolewa, nimezaa, nimegombana na watu nikapatana nao. Wallahi ni kanda nyengine! Wimbo ambao nlidhani ni wa mpenzi aliyeondoka si wa mpenzi kamwe, ni wa mtu aliyekopeshwa imani akairudisha mbovu, ni wa ndugu kwa ndugu, na amefumba vizuri hivi kwamba waweza kuuimba mbele ya huyo mtu mwenyewe na asipate pa kukushika. Nlisimamisha kanda nkamwita mama nkamuuliza, "mama huyu alikuwa akimwambia nani?" Mama akaangalia chini akacheka kidogo akasema mbona umechelewa kuuliza. Halafu akanieleza kwa nini akiupiga Alhamisi. Hayo ni ya nyumbani siyaandiki hapa.

Kwa hivyo jibu langu kakangu ni hilo. Ile sauti nlipewa nikiwa mtoto, maneno yamenipata sasa. Na simu haingenipa, kwa sababu ule wimbo si maarufu, ni wa tano upande B, nani angeutafuta.

Zuhura Swaleh pia namrudia sana, ile CD yake na Maulidi Musical Party, Jino la Pembe, iliyotoka 1992. Ukiskia taishokoto (kile kinanda cha nyuzi) ikiingia na ngoma ya chakacha ikishika, mtu hakai. Lakini kaa siku moja uskize maneno bila kuinuka. Jaribu.

---

Tudor_Creek

Nlizaliwa Lamu nko Mombasa miaka mingi. Mimi naona tofauti kidogo, mnisamehe.

Twasema albamu lakini zetu hazikuwa albamu. Wazee walianza na sahani ndogo za santuri, wimbo huku wimbo huku dakika tatu nne, za lebo ya Mzuri ya Assanand hapa Mombasa na nyenginezo, halafu zikaja kaseti, na kaseti mpango wake aliupanga mwenye duka au aliyedabu kwake nyumbani. Ule mpango unaoulilia MwanaMkomani ni wa babako, si wa Zein. Kila nyumba ya pwani ilikuwa na albamu yake ya Zein. Nasema hivi si kwa kuidharau, kinyume chake, usiende ukazipanga upya ndani ya kompyuta kwa majina ya waimbaji, ziache kanda kwa kanda na upande kwa upande, manake yule aliyechagua ni mzee mwenyewe na huo ni mkono wake kama ile khati ya ubavuni.

Lakini ukitaka albamu ya kweli, iliyofikiriwa mwanzo mpaka mwisho, rudia The Style of Mombasa ya Zein Musical Party, ilitolewa Uingereza na GlobeStyle 1990. Mimi nilikuwa sikuipenda zamani, niliona safi kupita kiasi, hakuna vigelegele, hakuna watu. Sasa nikiwa mtu mzima ndiyo naskia mkono wake kwenye udi, kitu ambacho kanda ya harusi yakificha kwa kelele. Kila kidole. Na Zein (mzaliwa wa Lamu 1939, kafariki 2016) si kwamba aliimba tu, yeye na marehemu Sheikh Nabhany, yule mshairi, walichimba tungo za kale za Kiswahili zilizokuwa zalala kwa vitabu na kwa vichwa vya wazee wakazitia udi. Kwa hivyo ukirudia Zein wakati mwengine warudia kitu kilichokuwa cha zamani hata siku aliyokirekodi.

Na tafuta CD ya pili ya mfululizo wa Zanzibara, ya Buda Musique, ni taarab ya Mombasa ya 1965 mpaka 1975. Skiza Matano Juma na ule ogani wake, halafu uniambie hao vijana wa kinanda cha siku hizi walianzia wapi.

Wadogo zako wakisema yote yako kwa intaneti waambie za harusi ya Langoni haziko.

---

Casuarina_Kid (Malindi)

Naingia kwa haraka. Nyote ni taarab taarab, na sisi tuliolelewa na wazee wa mahoteli je? Babangu alikuwa weta huku Malindi miaka ya 80, kanda zake ni za bendi ya Them Mushrooms na muziki wa bango wa Mzee Ngala. Nlikuwa nazionea haya nikiwa sekondari, naziona ni za watalii. Majuzi nmeskiza bango upande mzima usiku stima zikiwa zimepotea, ile saksafoni ya Ngala yazungumza Kimijikenda hata asipofungua mdomo. Nimeona haya kuwa nlizionea haya. Na babangu yuko hai alhamdulillah, kwa hivyo nampelekea Jumapili tuskize pamoja.

---

Mwana_Siyu

Swali la tatu hakuna aliyelijibu na mimi nalijua, kwa sababu nilikuwa ndiye jibu lenyewe.

Ami yangu alikuwa akirekodi harusi, Siyu, Faza, mpaka Lamu mjini akialikwa. Kazi yangu mimi nikiwa na miaka tisa ilikuwa kukaa na redio mapajani na kutazama lile dirisha la kanda. Likibaki jembamba hivi kama upana wa kidole namgusa ami begani, ami amwangalia mpiga udi, na mpiga udi akimjua ami alikuwa akimaliza ubeti anapiga kidogo anafunga. Wimbo ukiisha ami ageuza kanda kabla hawajaanza mwengine. Wakati mwengine watu wameshikwa, kuna mtu asimama kutunza, hawawezi kufunga, basi ami asimamisha rekodi mapema kabla ya wimbo huo kuanza, afadhali apoteze dakika nne za kanda kuliko kuuvunja wimbo. Alikuwa akisema wimbo uliovunjika ni dharau kwa aliyeutunga. Kwa hivyo babako si bahati, alikuwa na mtu wa kutazama, au macho yake mwenyewe hayakutoka kwenye dirisha lile usiku kucha.

Na neno lengine, usiandike "Zein" kwenye kanda na ukaiwacha kwa sababu umeskia nyimbo mbili. Skiza mpaka mwisho mwisho kabisa hata ukimya. Kaka yangu mkubwa alikuwa Jeddah miaka ya 80 mwishoni, na barua zilikuwa ni kanda, wajua. Yeye ajirekodi nusu saa, salamu kwa kila mtu kwa jina, aituma kwa mtu anayesafiri. Sisi tukishaiskiza mara kumi mama airekodi juu yake majibu, na palipobaki tunamtilia nyimbo ili asikie nyumbani. Kanda ilienda ikarudi mpaka ikachoka. Moja yao, baada ya Maulidi Juma, kuna ukimya mrefu wa karibu dakika mbili halafu yatoka sauti ya mama akiuliza kama chumvi ya samaki ilifika. Mtu aliyeharakisha angeifuta. Mama tumemzika 2016.

---

Binti_wa_Shela_MLD

Subhanallah Mwana_Siyu. Nimesoma hii nikalazimika kuweka simu chini.

---

Fundi_Barani (Malindi)

Naongeza alivyosema Siyu. Ukirekodi kwa Audacity acha iende mpaka kanda ijizime yenyewe, usikae na kidole kwa stopu.

---

MwanaMkomani (Lamu)

Narudi, wiki tatu sasa. Jazakumullahu kheri nyote.

Nlizitenga kama fundi alivyosema, 9 zina kuvu, hizo zimekaa kwa mkebe na mchele ndani ya kitambaa kupunguza unyevu, nitamletea Fundi_Barani mwenyewe nikija Malindi maana mkono wangu si mtulivu. Zilizobaki ni 22, nimedabu 14, kila jioni moja baada ya alasiri, na hakuna kuruka. Nimeziandika kama alivyosema Tudor, kanda kwa kanda, upande kwa upande, hata makosa ya mzee nimeyaacha. Kuna moja ametia wimbo mmoja wa Malika mara tatu mfululizo. Sijui kwa nini mara tatu. Mama pia hajui, au ajua hasemi, na baada ya aliyoandika Binti wa Shela sijamuuliza tena.

Ya 14 ndiyo nlitaka kuwaambia. Ubavuni imeandikwa "harusi ya Shela 1988". Upande A mzuri kabisa, udi, dumbaki, wanawake vigelegele, yaskika mpaka punda analia nje. Upande B unaanza vizuri halafu kila ukienda nyimbo zapanda, zaharakisha, mwimbaji awa kama mtoto. Nkakumbuka betri. Karibu na mwisho wimbo ukafungwa, na kabla ya kukatika kuna mtu ameongea karibu sana na redio, sauti nyembamba ya haraka, hatukuelewa, mama akasema huyo ni mtoto wa jirani labda.

Basi nkaingia kwa ile sehemu ya spidi. Nkapunguza asilimia 3. Mama akasema bado. Nkapunguza 5, ule udi ukaanza kutulia. Mama alikuwa amevuta kiti akakaa karibu na laptopu ameinamisha kichwa, akasema punguza tena kidogo, nkaweka 8, akasema hapana umepitisha, rudi. Kwenye 7 akainua mkono.

Ni babangu. Asema, "Tizama kanda, imebaki ngapi?" Na mtoto amjibu, "Imebaki kidogo, baba." Babangu asema, "Basi zima." Ikakatika hapo.

Huyo mtoto ni kaka yangu, wakati huo alikuwa na miaka kumi, sasa yuko Muscat. Nlimtumia usiku ule ule zile sekunde peke yake, hakujibu mpaka asubuhi. Asubuhi akapiga simu akauliza kama kanda nyengine zimebaki, nkamwambia nane. Akasema zile nane nisizisikize, nimngoje, yuaja kwa sherehe za Maulidi.

Kwa hivyo nimesimamisha. Redio nimemrudishia jirani, kanda nimezitia ndani ya shuka ile ile.